Mishipa ya Fahamu ya Mguu na Kazi Zake

Wamunyu, katika eneo la Mwala huko Machakos, ni mahali panapojulikana sana kwa wachonga vinyago. Yasemekana ufundi huo uliletwa na Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Fundi huketi chini au juu ya kigoda, miguu ameikunja na tezo mkononi, kwa saa nyingi. Pengine akiinuka huona mguu mmoja umekufa ganzi. Akiunyosha, ganzi huondoka. Lakini mara chache ganzi hukataa kuondoka. Wayo hulegea, vidole huburura chini, na kila hatua hupiga kofi ardhini. Jirani husema amerogwa. Kumbe mahali pa chanzo cha udhaifu huo paweza kuonyeshwa kwa kidole.

Ubongo huamrisha mguu kwa njia ya mishipa ya fahamu. Hii si mishipa ya damu. Yafanana na nyuzi za simu zilizofungwa pamoja: nyingine huchukua amri kutoka ubongoni hadi kwenye misuli, na nyingine hurudisha habari za joto, baridi na maumivu.

Mishipa mikubwa ya mguu ni mitatu, nayo hutoka katika uti wa mgongo, kiunoni na chini ya kiuno. Wa kwanza hupita kwenye kinena na kuingia mbele ya paja. Kazi yake kubwa ni kunyosha goti. Wa pili huenda upande wa ndani wa paja, nao huvuta mapaja yakutane. Wa tatu ndio mkubwa kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini. Mizizi yake ni mitano, na upana wake hukaribia sentimeta 2. Hupita ndani ya tako, hushuka nyuma ya paja, na kwa watu wengi hugawanyika mara mbili karibu na goti.

Tawi moja hushuka ndani ya shavu la mguu mpaka kwenye wayo. Ndilo limwezeshalo mtu kusimama kwa ncha za vidole, na kuhisi mwiba akiukanyaga. Tawi la pili huzunguka upande wa nje wa mguu, likipita juu ya mfupa mwembamba, chini kidogo ya goti. Hilo huinua wayo na vidole.

Msomaji akipapasa upande wa nje wa mguu, chini ya goti, ataona kinundu cha mfupa. Chini yake kidogo ndipo tawi hilo lipitapo, nalo limefunikwa na ngozi na nyama kidogo tu. Mtu akiweka mguu mmoja juu ya mwingine kwa muda mrefu, au akichuchumaa shambani kutwa akichuma ndengu, tawi hubanwa hapo. Aliyekonda sana yumo hatarini zaidi, kwa kuwa hana mafuta ya kulikinga.

Kinga yake haina gharama. Mfanyakazi na ainuke mara kwa mara, anyoshe miguu, na atembee hatua chache. Ganzi ikianza asingoje kumaliza kazi.

Mahali pa pili pa hatari ni tako. Sindano ikichomwa chini au katikati ya tako yaweza kuupata ule mshipa mkubwa, na mguu ukapooza. Kwa sababu hiyo watoto wadogo hudungwa chanjo mbele ya paja, kwa upande wa nje. Mzazi asikubali mwanawe adungwe sindano na mtu asiyesomea kazi hiyo, hata kama bei yake ni nafuu.

Yako majaribio matatu mepesi. Mtu akinyosha goti akiwa ameketi, mshipa wa mbele wafanya kazi. Akisimama kwa ncha za vidole, tawi la shavu la mguu ni zima. Akitembea kwa visigino, tawi la nje ni zima. Likishindikana mojawapo ghafula, aende hospitali. Ikiwa miguu yote miwili imelegea, au mkojo umemshinda kuuzuia, asikawie hata siku moja. Vivyo hivyo mtoto aliyelegea mguu ghafula apelekwe mara moja, kwani huenda ikawa ni polio. Baka la ngozi lisilohisi kitu nalo lionyeshwe kwa mganga wa hospitali, kwa maana ukoma huharibu mishipa hii, nao una dawa ya kuuponya.

Mguu wenye ganzi usikandwe kwa maji ya moto wala kuwekwa karibu na moto. Utaungua na mwenyewe asijue. Mshipa uliobanwa tu mara nyingi hupona kwa majuma au miezi. Uliokatika hukua polepole, yapata milimeta 1 kwa siku, na huenda ukahitaji kushonwa na daktari. Kila siku inayopotea kwa kumtafuta mchawi huipunguza nafasi ya kupona. Usipoziba ufa utajenga ukuta.