Ruzuku si zawadi: somo kutoka vijiji vya Tanga

Ruzuku ni fedha yenye masharti na kipimo. Mfano ni Enuma, kampuni ndogo ya programu za elimu iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, ilikuwa miongoni mwa washiriki watano waliopewa dola milioni 1 kila mmoja, kwa sharti kwamba programu zijaribiwe kwa Kiswahili. Kwa miezi 15, watoto wapatao 3,000 mkoani Tanga walijifunza kusoma na kuhesabu kwa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Awali, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni kiwango hicho kilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 Enuma na shirika la onebillion la Uingereza waligawana tuzo ya dola milioni 10.

Kijana mwenye wazo kama hili ajiulize kabla ya kuomba fedha: Nani atanufaika? Matokeo yatapimwaje? Fedha zikiisha, nani atatunza vifaa? Mwenye majibu amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, akikumbuka kuwa fedha za asilimia 10 zinazotolewa na halmashauri kwa vikundi ni mkopo usio na riba, nao hurejeshwa.