GESI YA BAHARI KUU: KWA NINI ILIYOGUNDULIWA HAIJAUZWA

Wiki hii, ndugu msomaji, tunaweka kando bei za korosho na ufuta ili tuzungumzie bidhaa ambayo bado haijafika sokoni. Wapo wafanyabiashara waliofungia fedha zao kwenye viwanja na nyumba za wageni huko Lindi na Mtwara kwa kuitegemea, na wapo wenye hisa ng'ambo waliofanya vivyo hivyo. Inafaa kuelewa fedha hizo zimekwama wapi.

Kisima cha kwanza kupata gesi katika bahari kuu ya Tanzania, Pweza, kilichimbwa mwaka 2010. Vikafuata Chewa, Chaza, Jodari na Mzia, pamoja na Zafarani, Lavani na Tangawizi. Ukisoma orodha utadhani umeingia soko la samaki na kutokea duka la viungo. Hesabu ya serikali ni futi za ujazo trilioni 57 kwa nchi nzima, na takriban trilioni 47 kati ya hizo ziko bahari kuu. Hadi mwaka 2025 hakuna hata futi moja ya gesi hiyo ya bahari kuu iliyouzwa.

Sababu ya kwanza ni asili ya bidhaa yenyewe. Mafuta ghafi huvutwa juu, hupakiwa melini na kuuzwa popote penye mnunuzi. Gesi haipakiki hivyo. Ama itandikiwe bomba mpaka mlangoni kwa mteja, ama ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri igeuke kimiminika, ambapo ujazo wake hupungua mara 600. Mtambo wa kazi hiyo ndio unaomeza fedha kuliko visima vyenyewe. Mradi wa Lindi, unaokusudiwa kujengwa Likong'o, ulikuwa ukitajwa kwa dola bilioni 30. Ilipofika mwaka 2023 serikali ilitaja dola bilioni 42.

Sababu ya pili ni bahari. Kisima cha Zafarani kiko mahali ambapo maji pekee yana kina cha takriban meta 2,500, na kutoka hapo ndipo uanze kuchimba mwamba. Mpiga mbizi hafiki huko; kila koki hufungwa na mashine inayoongozwa kutoka melini. Mgandamizo wa maji ni kama mara 250 ya ule wa hewa tunayovuta, na baridi ya chini inakaribia nyuzi 4. Katika hali hiyo gesi ikichanganyika na maji huganda ndani ya bomba mithili ya barafu na kuliziba, kwa hiyo hulazimu kusukumia humo kemikali ya kuzuia kuganda, jamii ya ile ambayo fundi huweka kwenye rejeta ya gari. Sakafu ya bahari nayo ina makorongo na miteremko ambayo bomba la kuja pwani halina budi kuyakwepa au kuyavuka. Wakati wa utafutaji, kodi ya meli ya kuchimba ilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku, gesi ipatikane isipatikane.

Hata hivyo tusiilaumu bahari peke yake. Gesi ya Songo Songo ipo kisiwani na kwenye maji mafupi, na iligunduliwa mwaka 1974. Ilianza kutumika mwaka 2004, miaka 30 baadaye. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 ikasubiri hadi 2006. Kilichokosekana kwa miaka yote hiyo ni mnunuzi anayeweza kulipa kila mwezi kwa muda mrefu, na benki haitoi mkopo wa bomba bila kumwona mnunuzi huyo.

Hapa ndipo hesabu ya muda inapouma. Chukua dola moja utakayolipwa miaka 20 ijayo. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, thamani yake leo ni senti 15 tu. Aliyetumia fedha za kisima mwaka 2012 akitegemea mapato ya 2032 anahitaji karibu dola 7 huko mbele ili arudishe ile moja, kabla ya kodi na mgawo wa serikali. Kila mwaka wa mazungumzo unapopita, gesi haipungui chini ya ardhi, ila thamani yake kwenye vitabu inapungua. Statoil ya Norway, ambayo tangu 2018 inaitwa Equinor, ilifuta dola milioni 982 za mradi wa Tanzania kwenye vitabu vyake Januari 2021.

Kwa mwenye hisa ndogo, mfano mzuri zaidi ni Ophir Energy. Kampuni hii, mbia katika Vitalu 1, 3 na 4, iliingia soko la hisa la London Julai 2011 kwa pensi 250 kwa hisa. Mwaka 2013 ilikubaliana kuiuzia Pavilion Energy ya Singapore asilimia 20 ya vitalu hivyo kwa karibu dola bilioni 1.3. Biashara ilikuwa nzuri, lakini angalia fedha zilitoka wapi: zilitoka kwenye matumaini ya mnunuzi mwingine, sio kwenye gesi iliyouzwa. Baadaye bei ya mafuta ikaanguka, mradi wake wa Fortuna huko Guinea ya Ikweta ukakosa mikopo na kibali chake hakikuongezwa mwaka 2019, na mwaka huohuo Medco ya Indonesia ikainunua kampuni nzima kwa pensi 57.5 kwa hisa. Aliyeweka pauni 1,000 siku ya kwanza na kukaa hadi mwisho alibaki na pauni 230. Gesi ilikuwa palepale chini ya bahari.

Bei nayo haitulii. Katika soko la Asia, gesi iliyosindikwa ilishuka chini ya dola 2 kwa kipimo mwaka 2020. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko, ilivuka dola 70. Qatar na Marekani zinaongeza mitambo, na mteja akishafunga mkataba nao wa miaka 20 hatafuti muuzaji mwingine kwa haraka.

Msumbiji walipitia njia nyingine. Gesi ya Coral ilipata mnunuzi kwanza: mwaka 2016 BP ilikubali kuchukua mzigo wote kwa miaka 20. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatolewa Juni 2017, mtambo ukajengwa Korea Kusini juu ya chombo kinachoelea, na shehena ya kwanza ikaondoka Novemba 2022. Ajira nyingi za ujenzi zilibaki Korea, na mwenye kiwanja pwani hakuambulia kitu. Ule mradi wa nchi kavu wa Afungi ulisimama mwaka 2021 baada ya Palma kushambuliwa.

Kwa Tanzania, mkataba wa awali ulisainiwa Dodoma Juni 2022, na Mei 2023 ilitangazwa kuwa majadiliano ya mkataba mkuu yamekamilika. Hadi 2025 uamuzi wa mwisho wa uwekezaji haukuwa umetolewa. Mwenye fedha ndogo aupime mradi kwa uamuzi huo na kwa mikataba ya wanunuzi, asiupime kwa picha za watu wakipeana mikono. Na hata ukitolewa, ujenzi huchukua karibu miaka mitano, ambayo ndiyo ya mahindi, saruji, usafiri na vyumba vya kulala. Mtambo ukishawashwa, wanaobaki kuuendesha ni mamia, na wengi wao hulala ndani ya uzio.