Goti Bandia na Mwendo wa Milimani: Umbo la Kiungo Linavyogusa Utembeaji

Wilaya za Karagwe na Kyerwa hazina ardhi tambarare ya kutosha kumpumzisha mwenye goti bovu. Njia ya kwenda kuteka maji huteremka na ya kurudi hupanda, tena na ndoo kichwani. Shamba la migomba na kahawa mara nyingi li ubavuni mwa kilima. Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa, na mwanamke humwamkia mkubwa wake kwa kupiga magoti. Mgonjwa wa huku akielezwa kwamba goti lake limesagika na tiba iliyobaki ni kubadilishiwa goti, haulizi habari za metali. Huuliza: Je, nitaweza kuteremka? Nitaweza kupiga magoti? Mhudumu wa afya anapaswa kuwa na jibu, na jibu lenyewe huanzia kwenye goti la asili.

Wengi hulifananisha goti na bawaba ya mlango. Mfano huo unapotosha, kwa sababu bawaba huzunguka katika mhimili mmoja usiohama, ilhali goti hukunjika, huzunguka na kuteleza kwa pamoja. Ncha ya mfupa wa paja ina vifundo viwili. Cha ndani hukaa katika kishimo juu ya mfupa wa muundi na karibu hakihami goti linapokunjwa. Cha nje hukaa juu ya sehemu iliyobinuka kidogo, nacho hurudi nyuma. Kwa hiyo muundi hugeuka kidogo kuelekea ndani. Goti likinyooshwa kabisa mzunguko huo hurudi kinyume na goti hujifunga. Ndiyo maana mtu mzima wa afya husimama muda mrefu bila misuli ya paja kuchoka upesi. Kano mbili zinazopishana katikati, ya mbele na ya nyuma, ndizo zinazouongoza mwendo huo.

Katika kutembea mahali tambarare, goti hukunjika nyuzi 15 hadi 20 wakati wa kupokea uzito, kisha karibu nyuzi 60 mguu unapopita hewani. Kupanda na kushuka ngazi huhitaji nyuzi 80 na zaidi. Kuchuchumaa hadi chini hupita nyuzi 130.

Goti bandia lina kofia ya metali juu ya mfupa wa paja, bamba la metali juu ya muundi, na kati yake kipande cha plastiki ngumu ya polietilini. Katika maumbo mengi daktari huondoa kano ya mbele. Hapo ndipo mwongozo wa asili unapopungua, na wabunifu wa viungo bandia wamehitilafiana juu ya namna ya kuufidia.

Baadhi huiacha kano ya nyuma. Hoja yao ni nzuri, lakini picha za eksirei zenye mwendo, zilizopigwa wagonjwa wakikunja magoti yao, zilionyesha kwamba katika magoti mengi ya namna hii mfupa wa paja huteleza mbele badala ya kurudi nyuma. Mfupa ukiteleza mbele, misuli ya paja hupoteza sehemu ya nguvu zake za kuvuta, na goti hukwama kabla ya kukunjika sana. Wengine huiondoa kano hiyo na kuweka kigingi cha plastiki kinachosukumana na metali. Umbo hilo lilitoka New York mwaka 1978, mikononi mwa John Insall na wenzake. Kigingi huurudisha mfupa nyuma, ila huanza kazi goti likiwa limekunjika sana. Anayetembea barabarani tambarare karibu hakitumii. Umbo jingine huchonga kishimo kirefu upande wa ndani na kuacha upande wa nje ukiwa huru, likiiga goti la asili. Katika jingine plastiki yenyewe huzunguka juu ya bamba.

Lipi ni bora? Majaribio yaliyolinganisha maumbo haya hayakuonyesha mshindi wa wazi katika maumivu na uwezo wa wagonjwa. Kwa maoni yangu, mgonjwa wa Nkwenda au Kayanga asipoteze usingizi juu ya jina la kiungo. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano huwa hakuridhika kikamilifu, na umbo ni sababu mojawapo tu. Nyingine ni misuli: aliyechechemea miaka kumi huendelea kukanyaga kwa goti kavu, lisilokunjika wakati wa kupokea uzito, hata baada ya maumivu kwisha.

Mteremkoni udhaifu huo huonekana zaidi. Vipimo vilivyofichwa ndani ya viungo bandia vimeonyesha kwamba goti hubeba kiasi cha mara mbili na nusu ya uzito wa mwili katika kutembea, na zaidi ya mara tatu katika kushuka ngazi. Misuli ya mbele ya paja ndiyo breki. Kwa hiyo mazoezi yaanze kabla ya upasuaji, wakati mgonjwa bado yuko nyumbani akingojea rufaa ya kwenda Bugando au Taasisi ya Mifupa Muhimbili: kukaza paja mguu ukiwa umenyooka, kuinuka kitini bila kushika kitu.

Baada ya upasuaji, ndugu wanaomuuguza wasimwekee mto chini ya goti, hata kama yeye mwenyewe anauomba. Mto hustarehesha, lakini goti lililozoea kukunjwa halinyooki tena kikamilifu, na asiyenyoosha goti atachechemea kwa umbo lolote aliloingiziwa.

Kuchuchumaa hadi chini kwa kawaida hakurudi; goti bandia jema hufika nyuzi 110 au 120. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo, na kitengenezwe kabla mgonjwa hajarudi. Kupiga magoti juu ya kitu laini, kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, kwa kawaida hakuliharibu goti, ingawa wengi huhisi ganzi. Kukalia visigino ni jambo jingine, nako kuachwe.

Mwenye homa, usaha kidondani, au uvimbe na maumivu ya ndama ya mguu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Aende na karatasi yake ya kuruhusiwa, ambayo imeandikwa aina ya kiungo na kama kano ya nyuma iliachwa. Daktari atakayempokea, awe Nyakahanga au Isingiro, ataihitaji.