KUNADI BIDHAA: LIPI NI NASAHA NA LIPI NI HADAA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kuharimisha dhuluma. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

MAS-ALA. Apitaye Mtaa wa Kongo au Msimbazi, katika Kariakoo ya Dar es Salaam, husikia vipaza sauti vikinadi bei tangu asubuhi hata jioni. Na picha za bidhaa humfuata hata nyumbani kwake, ndani ya simu. Je, kunadi huku kwamfaa mnunuzi kwa kumjulisha asilolijua, au kwamvuta anunue asichokihitaji?

JAWABU. Kunadi ni kutoa khabari. Na khabari hupimwa kwa mambo mawili: ukweli wake, na haja ya mwenye kuisikia. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111 wa Miladi), ameyapambanua haya katika Ihyaa, penye mlango wa chumo. Amebainisha kuwa muuzaji akiisifu bidhaa kwa jambo lisilokuwamo, amesema uwongo. Na mnunuzi akilikubali, basi muuzaji amemdhulumu pia. Akiisifu kwa lililomo, hali mnunuzi analiona, hayo ni maneno ya upuzi, na kila neno lina hisabu yake. Lakini akilitaja jema lililofichika, ambalo mnunuzi asingelijua ila kwa kuambiwa, hapana ubaya, maadamu hakupita kiasi.

Basi na itazamwe Kariakoo yenyewe. Jengo kubwa la soko lilifunguliwa mwaka 1975, lakini biashara imeenea mitaa yote iliyolizunguka, na wanunuzi hutoka mikoani, na Kongo, na Zambia, na Komoro. Mgeni wa namna hii hawezi kubisha hodi kila mlango. Mwenye kumwambia kuwa vitenge vya jumla vipo ghorofa ya pili, na bei ya dazeni ni kadha, amemwondolea taabu na kumkinga na dalali mwenye kuzidisha. Hiyo ni nasaha, na mwenye kuitoa kwa nia njema ana thawabu.

FASILI: SURA ZA HADAA

Ya kwanza ni kuficha aibu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata umaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Naye akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Hukumu hii yamfikia apangaye nyanya nzima juu ya tenga na mbovu chini yake, na auzaye simu iliyokwisha kufunguliwa na kutengenezwa kwa jina la simu mpya. Mnunuzi ana khiari ya kurudisha. Bali arudishe mara aijuapo aibu, asikawie.

Ya pili ni kudanganya kwa tendo: kama kumwacha mnyama bila kumkamua ili kiwele kijae, au kuyazuia maji ya kinu na kuyafungulia wakati wa kuuza. Hapa pia khiari ipo.

Ya tatu ni najshi: kuongeza bei si kwa kutaka kununua, bali kwa kumhadaa mwingine. Apangwaye kusimama mbele ya meza ya muuzaji akijifanya mnunuzi amelikaribia jambo hilo. Najshi ni haramu. Lakini kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi'i, kama alivyoiandika Imamu Nawawi katika Minhaji, ni kuwa aliyenunua hana khiari, kwani amezembea mwenyewe kwa kutowauliza wajuzi. Na kauli kama hiyo ameitoa, kwa desturi za zama za utumwa, juu ya mtumwa aliyepakwa wino nguoni ili adhaniwe kuwa ni mwandishi: mnunuzi hana khiari, kwa kuwa angaliweza kumjaribu.

Hapa ndipo pa kuzingatia. Picha ya kijana mzuri aliyeshika simu mpya ni wino nguoni. Haikusema uwongo wowote. Imeiacha nafsi ya mtazamaji iseme yenyewe. Sheria ya Ushindani ya Tanzania, ya mwaka 2003, yakataza kumpoteza mnunuzi kwa hadaa. Lakini aliyenunua kwa kutamani tu, hali kitu ni kizima na bei aliijua, kadhi hana njia ya kumrudishia fedha yake.

Na khasara hiyo haimpati peke yake. Nafaka ya mke katika madhehebu haya ni wajibu wa kila siku: mudi mbili kwa mwenye wasaa, moja na nusu kwa wa kati, na moja kwa mwenye dhiki. Mwanamume akikopa ili anunue simu ya pili, hali ya kwanza yafanya kazi, kisha akarudi nyumbani jioni akasema hana kitu, amechukua haki ya watu akanunulia tamaa. Wala kosa lake halifutwi kwa kusema kuwa alinadiwa.

YAPASAYO. Muuzaji aitaje aibu kabla ya sifa. Bei aiweke wazi. Asiseme “leo tu” hali kesho atasema vivyo hivyo. Wala asiape, kwani imepokewa kuwa kiapo huiuza bidhaa na kuifuta baraka. Mnunuzi naye aiandike haja yake kabla ya kutoka nyumbani. Aulize maduka matatu. Akijaribu kitu kabla ya kulipa. Na akiona moyo umeshikwa na kitu ambacho asubuhi hakukikumbuka, aende zake akalale. Kikiwa haja, kesho kitakuwa haja. Kikiwa tamaa, usiku utaipunguza.

Wallahu aalam.