Hama na Watu Wako: Mwongozo Mfupi wa Mitandao ya Kijamii ya Shirikisho



Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, mnamo saa 12:40 kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa pamoja dunia nzima. Amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo, ndani ya kampuni inayomiliki zote tatu, ilikata mawasiliano kati ya vituo vyake. Huduma zilirejea baada ya saa sita hivi, wengi wetu tukiwa tumeshalala. Jioni ile aliyezoea kupokea oda kwa WhatsApp hakupata oda, na kikundi cha mazishi kilichotegemea mtandao huo huo kililazimika kupigiana simu mmoja mmoja.

Kijitabu hiki hakikuambii ufute akaunti zako leo. Kinakueleza kwamba ipo mitandao ya kijamii isiyo na mmiliki mmoja, namna inavyofanya kazi, na jinsi ya kuhamia huko polepole bila kuwapoteza watu wako.

1. Tatizo liko wapi?

Chukua mfano wa mama anayeshona na kuuza madera. Kwa miaka sita amekusanya wafuasi kwenye mtandao mmoja mkubwa. Kila dera amelipiga picha, kila mteja ameacha vipimo vyake kwenye ujumbe. Asubuhi moja anakuta akaunti imefungiwa. Anatuma malalamiko, anajibiwa na mashine. Anafungua akaunti mpya na kuanza na wafuasi sifuri. Cherehani ipo, kitambaa kipo, lakini wateja hawajui aliko.

Mama huyu hakukosea katika kazi yake. Alikuwa mpangaji asiye na mkataba, na mwenye nyumba amebadili kitasa.

Wenye nyumba hubadili mambo kila siku. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Mwaka huo huo MySpace ilikiri kwamba ilipohamisha seva zake, picha, video na nyimbo za zamani za watumiaji wake zilipotea. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44. Mwaka uliofuata hata jina lilibadilika. Nchini Uganda, Facebook ilizuiwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na wafanyabiashara waliojenga jina lao humo wakatenganishwa na wateja wao kwa ugomvi wa serikali na Facebook usiowahusu.

2. Shirikisho maana yake nini?

Jambo hili Watanzania wanalifahamu kupitia pesa za simu. Mwaka 2014 kampuni za Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tangu hapo mwenye M-Pesa anamtumia mwenye Airtel Money na pesa inaingia moja kwa moja. Kila mmoja amebaki na kampuni yake, lakini kampuni hizo zinasikilizana.

Mitandao ya shirikisho inafanya vivyo hivyo kwa mazungumzo. Badala ya kampuni moja yenye kila kitu, zipo seva nyingi: nyingine za vyuo, nyingine za mashirika, nyingine za watu binafsi wanaojitolea. Wewe unajiandikisha kwenye seva moja na unazungumza na walio kwenye seva nyingine. Lugha inayoziunganisha inaitwa ActivityPub, na W3C, taasisi inayosimamia viwango vya wavuti duniani, iliipitisha rasmi Januari 2018. Haiuzwi wala haimilikiwi na mtu.

Mtandao unaofahamika zaidi katika familia hii ni Mastodon, ulioanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, mtayarishaji programu wa Ujerumani. Upo pia Pixelfed kwa picha na PeerTube kwa video. Mwenye akaunti ya Mastodon anaweza kumfuata mpiga picha wa Pixelfed bila kujisajili huko. Familia nzima huitwa Fediverse.

3. Utakuta nini huko?

Anwani yako itakuwa na sehemu mbili kama barua pepe: jina lako na jina la seva. Mama wa madera angeandikwa @madera@mfano.org (seva hii ni ya kuonyeshea tu).

Kwenye Mastodon, machapisho ya unaowafuata huja kwa mpangilio wa muda, jipya likiwa juu. Hakuna mashine inayokuchagulia cha kukukasirisha ili ukae muda mrefu, na programu yenyewe haina matangazo. Chapisho la kawaida lina nafasi ya herufi 500.

Taasisi ikifungua seva yake yenyewe, anwani inatosha kuitambulisha. Julai 2023 BBC ilifungua seva ya majaribio kwenye anwani yake, na hakuna tapeli aliyeweza kujisajili humo akajifanya mwandishi wao. Kwetu, ambako akaunti feki za viongozi na taasisi zinawatoa watu pesa kila siku, faida hii ni kubwa.

4. Hatua za kuhama

Kwanza, chagua seva. Tovuti ya joinmastodon.org ina orodha. Seva zilizomo zimeahidi kuwaarifu watumiaji miezi 3 kabla ya kufungwa, kuhifadhi nakala ya data kila siku na kudhibiti lugha ya chuki. Soma kanuni za seva kabla ya kujiunga.

Pili, jaza wasifu wako. Weka picha, maelezo mafupi na lugha unayotumia. Akaunti tupu watu huiogopa.

Tatu, tumia alama ya reli. Kwa kuwa hakuna mashine ya kukutangaza, maneno kama #Kiswahili, #Kilimo au #Mapishi ndiyo yatakayokukutanisha na wenzako.

Nne, hama kwa kikundi. Mtu mmoja akihamia peke yake atarudi baada ya wiki. Kubalianeni watu watano au kumi wa darasa, kwaya au chama chenu, mjiunge siku moja na mfuatane.

Tano, usifunge mlango wa zamani mara moja. Kwa miezi kadhaa chapisha kote kuwili, na andika anwani yako mpya kwenye wasifu wa zamani. Pakua nakala ya picha na machapisho yako ukingali na nafasi.

5. Ukitaka kubadili seva

Kenya tangu 2011, na Tanzania tangu 2017, mtu anaweza kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba. Mastodon ina utaratibu unaokaribiana na huo. Ukihamia seva nyingine, wafuasi wako wanahamishiwa kwenye akaunti mpya, na orodha ya unaowafuata unaipakua na kuipandisha upya. Machapisho ya zamani hayahami, yanabaki kule. Tena, fanya hivi seva ya zamani ikiwa hai, kwa sababu ikishazimika hakuna wa kuwaelekeza wafuasi wako.

6. Tahadhari

- Ujumbe binafsi wa Mastodon haujafichwa kwa msimbo, na msimamizi wa seva anaweza kuusoma. Siri, namba za siri na vipimo vya hospitali visipite huko. Kwa hayo tumia programu kama Signal.
- Bando za mitandao ya kijamii zinazouzwa na kampuni za simu kwa kawaida zinahesabu programu chache zilizotajwa. Tumia bando la kawaida la intaneti, usije ukashangaa salio limekwisha.
- Seva inalipiwa umeme na mitambo. Wengi wanaoziendesha wanategemea michango, hivyo changia ukiweza.
- Matusi na utapeli vipo popote penye watu. Tofauti ni kwamba msimamizi ni mtu unayeweza kumwandikia, na seva nyingine zinaweza kukata mawasiliano na seva inayolea uchafu.
- Wanaozungumza Kiswahili huko bado ni wachache. Utakayoyaandika ndiyo watakayoyakuta watakaokuja baada yako.

Neno la mwisho

Wateja, wanakwaya, majirani na ndugu walio mbali ni mali yako kuliko picha au jina la akaunti. Wiki hii fanya mambo mawili: pakua nakala ya vitu vyako, kisha waulize watu watano unaowathamini kama wako tayari kufungua akaunti pamoja nawe. Wakikubali, chagueni seva na siku. Safari ya wengi haichoshi.