Mabonde ya sakafu chini ya laminati

Sakafu ya sebule yangu ilikuwa ya niru nyekundu, ile inayong'aa, na kwa macho ilionekana imenyooka kabisa. Fundi aliyekuja kunipa bei ya kutandika laminati juu yake aliweka pima maji, akasema iko sawa. Lakini pima maji huonyesha mwinamo, si mabonde. Sakafu ikiinama kidogo kuelekea mlangoni, laminati haina shida nayo. Kinachoiua ni bonde. Watengenezaji wengi huruhusu tofauti ya milimita 3 hivi kwenye urefu wa mita 2. Bonde likizidi hapo, ubao unabonyea kila ukiukanyaga, na ule ulimi mwembamba unaounganisha mbao mwishowe unakatika.

Kwa hiyo tafuta fito ya aluminiamu iliyonyooka, ndefu kadiri utakavyopata. Ilaze sakafuni, izungushe pande zote, hata kimshazari. Mimi nilipitisha biti ya drili ya milimita 3 chini yake: palipopita kwa ulaini nilizungushia chaki. Kabla hujanunua chochote, hakikisha hilo unaloliita bonde si nafasi tu kati ya vinundu viwili. Kinundu kisage kwa grinda, umevaa barakoa nzuri, maana vumbi la simenti si la kuchezea mapafu.

Kazi kubwa ni niru yenyewe. Ule utelezi haushiki kitu. Kwangua ndani ya mstari wa chaki na nje yake kidogo hadi wekundu uishe na uone kijivu kilichokwaruzika, fagia, futa vumbi lote, kisha paka praima inayoendana na simenti utakayotumia.

Utashauriwa ujaze bonde kwa mchanga na simenti ya kawaida. Tabaka jembamba namna hiyo hukauka kabla halijakomaa, kisha hubanduka vipande. Puti ya ukutani ndiyo mbaya zaidi, husagika ikawa unga. Nunua simenti maalumu ya kusawazishia sakafu na upime maji kama mfuko ulivyoandikwa. Ukizidisha ili imwagike vizuri, juu hubaki unga. Kwa joto la Dar es Salaam huganda haraka, hivyo changanya asubuhi, kidogo kidogo. Mimina, kisha vuta fito ikiwa imeegemea kingo mbili za bonde, na kingo uzimalizie kwa mwiko wa chuma hadi zipotee.

Ikikauka, piga msasa na urudie ile biti.

Bandika pia kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake, subiri. Unyevu utavimbisha mbao. Pakiwa pakavu, tandika nailoni nzito, halafu sponji ya chini ya laminati, tabaka moja. Wapo wanaokunja sponji mara mbili ili kuficha bonde. Inabonyea tu, na ulimi unakatika vilevile.