Dondoo muhimu: Usalama wa kupakia na kupakua mizigo Oraba

Malori yanayovuka Oraba, wilayani Koboko, kuelekea Kaya nchini Sudan Kusini huhudumiwa na watu wanaofanya kazi karibu mno na magurudumu. Zingatieni haya.

• Lori likirudi nyuma, aliongoze mtu mmoja tu, asimame pale dereva anapomwona kwenye kioo. Dereva asipomwona, asimamishe lori papo hapo. Hakuna haraka ya forodha inayozidi mguu wa mtu.

• Kabla ya kulegeza kamba, injini izimwe na magurudumu yawekewe vigingi. Mzigo huhama njiani. Turubai likifunguliwa, gunia la juu linaweza kukuporomokea.

• Glavu, viatu vigumu na barakoa ya vumbi la saruji hutolewa na mwajiri, bila malipo. Ndivyo inavyotaka Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006. Wajibu wako ni kuvivaa.

• Mgeni, hata mwenye mzigo: jitambulishe getini, usimwache mwenyeji wako, usije na mtoto.

• Umeumia? Toa taarifa siku hiyohiyo na hakikisha imeandikwa. Dai la fidia lisilo na maandishi ni gumu kuthibitisha.